Tuliondoka Goziba Mara Mbili

Watu wakisikia nilikaa Ziwa Victoria wiki 11 kwenye boti la tanga, swali la kwanza ni mamba. La pili kiboko. La tatu, hili wanauliza kwa sauti ya chini kidogo, mlikuwa mnajisaidia wapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu kurudi, na kiukweli hata mimi kabla sijaenda sikuwahi kuwaza kurudi, kichwani kwangu safari ilikuwa ni kwenda tu, kurudi ni kitu kinachojitokea chenyewe kama daladala ya jioni.

Boti ni la mjomba. Alifanya kazi kwenye injini za meli hapahapa ziwani karibu miaka 30, akastaafu, na wakati wenzake wanajenga vyumba vya kupangisha Buhongwa yeye akachukua sehemu ya mafao akaenda kumalizia boti. Futi 28, mbao za mvule, mlingoti mmoja, tanga la turubai linalofungwa kwenye foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga, yaani staili ya pwani kabisa, maana babu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo Pangani kabla hajaja Mwanza kufuata kazi na mpaka anakufa ziwa alikuwa analiita "bwawa". Ndo maana mjomba anaongea kibaharia cha Pangani, joshi, demani, ngama, wavuvi wa huku wakimsikia wanacheka mpaka wanakaa chini. Nyuma ya boti kaandika kwa rangi nyekundu HARAKA YA NINI. Hilo jina likumbukeni.

Mimi ni fundi solar, nina kibanda Kirumba karibu na Mwaloni. Mwaka ule mambo yangu hayakuwa mazuri, sitaki kuyaeleza hapa, mjomba akanikuta nimekaa tu kibandani akasema mjomba twende (mimi namwita mjomba, na yeye ananiita mjomba, wageni wanachanganyikiwa). Wa tatu alikuwa kijana wa Ukara, tulimwita Sato, kama samaki, kwa sababu akiingia kwenye maji harudi juu mpaka uanze kuwa na wasiwasi.

Tulitoka Mwanza wiki ya pili ya Juni. Kwenda kulikuwa raha hadi naona aibu. Kome, Maisome, Ikuza, pwani ya Muleba, Bumbire, Bukoba mjini siku 9, halafu tukaanza kuzunguka visiwa vya nje. Kila mwalo (bandari ya wavuvi) tuliofika nilikuwa nafungua begi langu, natengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Zamani walikuwa wanatumia karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za betri na solar, na taa hizo zikipigwa na maji miezi miwili mitatu zinaoza waya ndani, kwahiyo kazi ilikuwepo. Taa moja elfu 3, au samaki. Kuna wiki tulikula sato mpaka Sato mwenyewe akaomba maharage.

Sasa nieleze kwanini kwenda kulikuwa raha, maana hapo ndo nilipojidanganya. Miezi ile ya kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo mkubwa wa ziwani unatoka kusini mashariki. Mwanza ipo kusini. Ukitoka Mwanza kuelekea visiwa vya Kagera upepo unakuja mgongoni, unafungua tanga, unakunywa chai. Nilikaa wiki nane nadhani mimi na boti tunaelewana, kumbe tulikuwa tunasukumwa tu kama chupa tupu. Nyumbani kulikuwa kule upepo unakotoka. Mjomba alilijua hilo toka siku ya kwanza, akakaa kimya, baadae namuuliza mbona hukusema akasema ungekunywa chai gani tena.

Goziba ndo ilikuwa kituo cha mwisho. Ni kisiwa cha wilaya ya Muleba lakini kimekaa peke yake huko nje, ukisimama juu unaona maji kila upande, na kati yake na Ukerewe hakuna kitu cha kushika. Tulifika mwanzoni mwa Agosti. Tukawa tunakula kwa Mama Kulwa, mama lishe mmoja pale mwaloni, mwanamke mwenye sauti ya kuita meli, anajua nani anadaiwa na nani kisiwa kizima.

Tatizo langu lilikuwa tarehe. Mdogo wangu wa kike alikuwa na send-off Jumamosi, Nyegezi, na mimi kabla ya kuondoka, sijui nilikuwa nafikiria nini, nilikubali kuwa mhasibu wa kamati. Kwahiyo michango ilikuwa kwenye simu yangu. Milioni 2 na laki 4 za watu zinaelea ziwani. Goziba mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kulingana na mahali unaposimama, kulikuwa na jiwe moja nyuma ya kibanda cha wakala ukipanda unapata, na kila nikipanda nakuta meseji 40 za kamati. Mhasibu upo? Mhasibu ukumbi wanataka advansi. Mhasibu usituaibishe.

Nikamwambia mjomba Jumanne tunaondoka. Akaniangalia akaangalia juu. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa.

Hapa tulibishana kweli. Mimi niliona mwezi huo ndo zawadi, usiku mweupe, tunaona njia, twende. Mjomba akasema ndo ubaya wenyewe. Dagaa wanavuliwa kwa taa, wanafuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, kisiwa kizima wanacheza pool na kushona nyavu. Ziwani hakuna mtu. Akaniambia, "Mjomba, wewe unataka mwanga wa kuonea. Mimi nataka watu wa kutuona." Alitaka tusubiri kama siku nane mpaka giza lirudi na mitumbwi ya dagaa itoke, tupite katikati yao. Akanikumbusha ile ndege iliyoanguka ziwani pale Bukoba Novemba 2022, waliowahi kufika ni akina nani, si wavuvi na mitumbwi yao?

Pia alitaka tuelekee mashariki kwanza, tuikamate Ukerewe, tulale nyuma yake upepo usitufikie, halafu ndo tushuke taratibu mpaka Mwanza. Mimi nilikuwa na simu, na kwenye simu nilikuwa nimechora mstari toka Goziba mpaka Mwanza umenyooka kama rula. Nikamuonesha. Akaniuliza huo mstari upepo umeuona?

Nilisema maneno ambayo nikikumbuka nakunja uso. Nilimwambia wewe umestaafu huna mahali pa kuwahi. Akakaa kimya muda, akasema haya mjomba, mwenye shughuli ni wewe.

Yaani hakukubali, aliniachia. Ni vitu viwili tofauti na mimi sikuona tofauti.

Tukaondoka Jumanne saa 2 usiku. Mama Kulwa akatufungia ugali na dagaa wa kukaanga kwenye bakuli lake la bati la bluu, akasema mtalirudisha. Tulielewana angalau tuelekee Ukerewe, mstari wa rula nikauacha. Na usiku ule, dah, sitaudharau kwa sababu ya kilichofuata. Ziwa lilikuwa limelala, upepo mdogo unatoka ubavuni, mwezi umetandika maji meupe mpaka unaona mishono ya tanga. Sato akaimba. Mimi nilishika usukani masaa manne nikijisifu moyoni, naona nilivyokuwa sahihi. Hakukuwa na taa hata moja popote. Niliona ni utulivu.

Saa 9 usiku mjomba akaamka bila mtu kumuamsha, akakaa, akanusa. Nikamuuliza nini akasema baridi imegeuka. Magharibi nyuma yetu nyota zilikuwa zimekatika kwa chini, kama mtu kashusha pazia, na ndani ya pazia kunamulika.

Hii habari ya radi za usiku nilikuwa naisikia toka mdogo lakini sikuwahi kuielewa mpaka mjomba aliponieleza baadae. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, kwahiyo hewa ya baridi inateremka kutoka pande zote za ziwa na kwenda kukutana huko katikati, na ikikutana haina pa kwenda ila juu, inabeba unyevu, hapo ndo mawingu na radi vinapozaliwa. Ndo maana Mwanza mnaweza kulala na nyota zenu safi wakati kuna watu ziwani wanapigwa saa hiyohiyo. Agosti sio msimu wake mkubwa, ila ziwa halisomi kalenda yako.

Mjomba akapiga kelele tanga chini. Mimi nilikuwa kwenye demani, kamba ya tanga, nikachelewa, labda sekunde 10, nilikuwa nasubiri nione kama ni kweli. Upepo ulikuja ukiwa mzima, haukuanza kidogo kidogo. Foromali ikavunjika karibu na katikati kwa mlio kama wa risasi, kipande cha juu kikaning'inia na tanga kikipiga maji, boti likalala ubavu, maji yakaingia ngamani, chini kabisa ndani ya boti, yakalowesha majiko na begi langu la vifaa na ugali. Sato akapanda na kisu akakata kamba.

Mawimbi ya ziwa watu wa baharini wanayachukulia poa. Ziwa ni kubwa, kama kilomita za mraba 68,800, lakini halina kina cha kutisha, pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Mjomba anasema kwenye maji kama hayo wimbi halipati nafasi ya kujinyoosha, linakuja fupi, limesimama wima, na mwenzake yuko nyuma yake palepale. Baharini chombo kinapanda na kushuka, kinapumua. Huku kinachapwa. Unatoka kwenye moja hujakaa sawa lingine limefika. Tulichota maji kwa vidumu vilivyokatwa karibu saa nzima na nusu, sikumbuki kuongea, nakumbuka nahesabu. Nilikuwa nahesabu vidumu hadi mia naanza upya. Injini yetu ndogo ya kubandika, HP 15, ilikuwa imekunywa maji, ikavutwa mara 30 haikutoa hata kikohozi.

Laifu jaketi tulikuwa nazo tatu na tulizivaa zote tatu kabla ya kutoka, hilo mjomba hakuwa na mjadala nalo. Yeye kazini kwake alizika watu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitokea Bukoba kuja Mwanza, mamia ya watu, wengine wenzake aliokula nao. Walikuwa wanarudi nyumbani, huwa anasema hivyo tu, halafu anabadilisha mada.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imepita, mbingu safi kama imefuliwa, na hakuna nchi kavu upande wowote. Hicho kitu sijui nikielezeje. Nimezaliwa pembeni ya hili ziwa, nimelinywa, nimeliogelea, nimelitupia taka (nisamehewe), lakini sikuwahi kusimama mahali nikaligeukia pande zote nne na kukuta ni lenyewe tu. Na hakuna mtumbwi. Hata mmoja. Nikaelewa maneno ya mjomba ya kuonwa na watu. Hakuniambia si nilikwambia. Angesema ingekuwa afadhali.

Usukani ukawa haugeuki. Sato akazama, akakuta kipande cha wavu wa makila kimejizungusha chote pale, wavu wa sangara uliokatika sijui wapi. Alishuka mara sita na kisu kimefungwa kamba mkononi. Mjomba huku juu anamwambia kata kidogo, kata kidogo, wavu wa mtu huo. Mimi nikasema mjomba, wavu wa mtu? Sasa hivi? Akasema mwenye wavu na yeye ana send-off.

Simu yangu nilikuwa nimeifunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni, ilipona, chaji asilimia 34. GPS haihitaji mtandao, ikatuonesha tulipo, na tulipo palikuwa karibu na Goziba kuliko Ukerewe. Usiku wote ule, na tulikuwa hata nusu hatujafika. Tukafunga pondo, ule mti wa kusukumia boti, mahali pa foromali, tukakunja nusu ya tanga, ikapatikana kitu kama bendera kubwa. Na kitu kile hakiwezi kubisha, yaani huwezi kwenda nacho kwenye upepo hata ufanyeje, na saa 3 asubuhi upepo wa kusini mashariki ukaamka kama kawaida yake, unatoka moja kwa moja nyumbani unatupiga usoni.

Mjomba akaniachia tena niamue. Safari hii nilijua ananiachia. Nikakaa kama dakika tano natazama upande wa Ukerewe ambao sikuuona, nikijua ni Jumatano na Jumamosi ipo siku tatu tu mbele, halafu nikasema tugeuze.

Tuligeuza, na ndani ya dakika moja boti likatulia. Kelele zote zikaisha. Ule upepo uliokuwa unatuchapa ukawa unatubeba, jua likatupata mgongoni, Sato akalala palepale alipokaa. Nililia kidogo, sio kwa hofu, ni hasira, maana ilikuwa rahisi mno. Njia ya masaa 12 tuliirudi kwa masaa kama 6.

Saa 10 jioni tunaingia mwalo wa Goziba, watoto wamejaa, Mama Kulwa kasimama mikono kiunoni. "Nyie, mmesahau nini?" Mjomba akashuka, akafika mpaka alipo, akampa lile bakuli la bluu, tupu, limebonyea upande mmoja. "Shemeji, tumerudisha bakuli." Kisiwa kizima kilicheka siku mbili.

Halafu sasa sikia. Kesho yake nikapanda kwenye lile jiwe langu la mtandao, nikampigia mwenyekiti wa kamati, mama mmoja ni jirani yetu, nikamueleza. Akanyamaza halafu akasema kwani mwanangu hiyo hela si unaituma tu? Wakala wa pale hakuwa na salio la kutosha, au tuseme mimi nilikuwa na hela nyingi kuliko kisiwa, nikatuma kwa awamu mbili moja kwa moja toka kwenye simu yangu kwenda ya kwake, dakika 5, makato yakakatwa humohumo. Dakika 5. Nilitaka kutuulia watatu kwa kitu cha dakika 5. Najua ningeweza kufanya hivyo wiki nzima kabla na wala sio kwamba sikujua, nilijua, ila nilitaka nifike. Nilitaka niingie ukumbini nimeungua jua watu waseme huyooo. Hilo nimelikubali baada ya muda mrefu kidogo.

Mdogo wangu nikamkosa. Send-off ikapita, wakanitumia video, ikachukua usiku mzima kushuka na sauti haikuja. Namuona mdogo wangu anacheza kwenye simu bila muziki, nimekaa juu ya jiwe, wadudu wa ziwani wananizunguka.

Siku nane tulizosubiri zilikuwa za kazi. Mjomba alinunua mti, akaukwangua yeye mwenyewe akapata foromali mpya, mimi nikafungua injini na fundi wa pale, tukaosha, tukakausha, nikatengeneza taa 17 bure kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa wa nyumbani. Na tulikaa na wavuvi kila jioni mjomba akiwauliza. Mnatoka saa ngapi, mnaenda umbali gani, makila yenu yanalala upande upi, alama zake zikoje. Wiki nane nimekaa na hao watu nawatengenezea taa sikuwahi kuwauliza swali hata moja kuhusu maji. Jamani.

Giza liliporudi tukatoka nao, saa 4 usiku. Mama Kulwa akatoa bakuli lilelile.

Ukiwa umesimama Mwanza milimani usiku wa giza unaona zile taa za dagaa huko mbali kama mji. Kupita katikati yake ni kitu kingine. Kila taa ina watu wanne watano wamekaa wanangoja dagaa wajikusanye, wanapiga stori, redio inaimba, mtu anakohoa, na sauti inakufikia kama uko chumba cha pili. Tulikuwa na tochi, tunamulika mara mbili, wao wanamulika mara mbili. Mmoja akapaza sauti pita kushoto, kulia kuna makila. Mwingine akauliza ndo nyie mliorudisha bakuli? Taa nyingine nilizifahamu, niliona rangi yake nikajua hii niliishika mimi, ile balbu ya pembeni niliyoibandika kwa gundi bado inawaka. Tulitoka taa hadi taa mpaka alfajiri, na zilipoisha Ukerewe ilikuwa bado haionekani lakini haikuwa mbali tena.

Upepo ulipoamka tukaanza kubisha. Hii kazi nayo watu hawaijui. Huendi unakotaka, unaenda pembeni yake, masaa mawili mkono huu, unageuza, masaa mawili mkono ule, ukiangalia kwenye simu umechora zigizaga ya mlevi na umesogea kidogo tu. Boti limelala, maji yanarukia ndani, mgongo unauma. Mwanzo roho inauma, baadae unazoea, baadae hata husumbuki kuangalia simu. Nchi tuliinusa kabla ya kuiona, moshi wa kuni, na harufu ya dagaa waliotandazwa juani, ambayo Kirumba huwa inanikera kila siku ya Mungu na siku ile nilitaka kuila. Halafu ndege, mnandi, wakaanza kupita chini chini. Halafu vilima.

Ukara ilitokea kwa mbali upande wa kaskazini. Sato akavua kofia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka pale kikikaribia gati, zaidi ya watu 200 wakafa, umbali ambao mtu wa ufukweni anaweza kukuita ukasikia. Sato kwao ni pale. Hakusema kitu na sisi hatukuuliza.

Tukalala nyuma ya Ukerewe usiku ule kwenye maji yaliyotulia kama ya ndoo. Toka pale mpaka Mwanza tukachukua siku tatu, tunaenda asubuhi mapema, upepo ukikaza tunajificha, tunapika, tunalala. Sikuuliza tarehe. Siku hizi Ghuba ya Mwanza unaikata juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache na gari, toka mwaka 2025, na mimi nalitumia na nalisifia, sio kwamba nimegeuka mtu wa ajabu. Ila kwenye boti niligundua napiga mswaki polepole.

Tuliingia mjini jioni. Lile Jiwe la Bismarck lilisimama palepale linapigwa picha na watu, makelele ya bodaboda, spika za duka zinatangaza viatu. Nilidhani nitaruka nibusu ardhi. Nilishuka nikayumba, ardhi inacheza, ikabidi nishike nguzo, askari mmoja akanitazama kama mlevi. Siku nne nzima kitanda kilikuwa kinapanda na kushuka, na kila saa 9 usiku naamka nakaa, nanusa hewa, mke wangu anauliza vipi nasema hamna. Mjomba yeye hakushuka kabisa, alilala botini usiku mbili, akasema bado hajafika.

Kamati ilikaa kikao cha kufunga hesabu wiki iliyofuata, nikasoma daftari lote mbele yao, ikapungua shilingi 14,000. Ni yale makato. Mwenyekiti akasema yafutwe, mdogo wangu akasema yasifutwe, ayalipe, ila alikuwa anacheka, na kwenye friji alikuwa amenitunzia kipande cha keki kimekuwa kigumu kama tofali.

Juzi nipo kibandani simu ikaita, namba siijui, nikapokea, sauti ya kuita meli. Hakuna hujambo, hakuna za huku. "Bakuli langu liko wapi?"

Lilikuwa botini. Nikashuka mpaka kwa mjomba kumuambia, nikamkuta anapaka mafuta foromali, nikamwambia Mama Kulwa anataka bakuli lake, kuna boti za mizigo zinakwenda visiwani tunaweza kumpa mtu alipeleke. Hakunijibu. Alikuwa anaangalia juu, mwezi ulikuwa umetoka mchana mchana ule mweupe kama karatasi, anahesabu kwa vidole.